Maneti ya dola 180: historia ya vidole, na kama palete za nyuma zina faida



Leo siandiki juu ya mihogo wala juu ya mbolea. Naandika juu ya maneti ya PlayStation. Najua wengine watacheka: mutu wa agronomia, lisansi yake mukononi, anaacha mashamba na kuingia kwenye michezo ya vijana. Lakini mungoje kidogo. Nyuma ya neno hili kuko feza ya mutu, na kuko historia ambayo mimi mwenyewe sikuijua.

Neno lilianzia nyumbani. Mudogo wangu anasoma mwaka wa pili wa chuo. Kwa muda wa miezi saba alikuwa anauzisha unité za simu mbele ya lango letu, na akakusanya dola 180. Sisi wote tulijua ile feza inaenda kwenye minervali. Jioni moja akaja na simu yake, akanionyesha picha: maneti nzuri, na kwa mugongo wake kuko vitu viwili sawa vijiko vidogo vya chuma.

"Yaya, ona. Mutu moja iko anaiuzisha. Anataka 180, bei ya mwisho. Kwa Ulaya ni euro 240. Iko na palete za nyuma. Na hii, nitawapiga wote."

Nikamuuliza: "Palete zinafanya nini?"

"Zinafanya usiondoe kidole."

"Usiondoe kidole wapi?"

Hapo akaanza kunieleza kwa mikono, nikaona neno si bure. Kama ningemukatalia tu juu mimi ni mukubwa, angekaa kimya, na kesho yake angeinunua. Nikamwambia: "Unipatie siku tatu." Zile siku tatu nilisoma. Haya ninayoandika ni yale niliyomuletea kama jibu.

1. Mwanzo: watu walichoka mikono

Mwaka 1958, kwenye maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, mufizikia anaitwa William Higinbotham alitengeneza muchezo wa tenisi kwa ajili ya wageni waliokuja kutembelea maabara. Picha ilikuwa kwenye kioo kidogo cha mviringo cha chombo cha kupimia umeme. Kila muchezaji alishika kisanduku kidogo chenye kifundo cha kuzungusha na kitufe kimoja cha kupiga mupira. Ile ilikuwa moja ya maneti za kwanza kabisa: mukono mumoja unashika, mwingine unazungusha na kubonyeza.

Mwaka 1962, wanafunzi na mafundi wa chuo cha MIT walikuwa na muchezo wao wa vita vya anga, Spacewar!, kwenye ordinatere kubwa aina ya PDP-1. Hawakuwa na maneti. Walicheza kwa kupandisha na kushusha swichi za mashine yenyewe. Viwiko vikauma. Basi wakatafuta mbao, waya na swichi, wakatengeneza visanduku vyao ili wakae vizuri.

Mushike hii, juu itarudi: maneti haikuzaliwa dukani. Ilizaliwa kwa uchovu wa mikono. Kila badiliko zuri katika historia yake lilijibu swali moja: ni kidole gani kinachoka, na ni kidole gani kimekaa bure?

Mwaka 1972 Ralph Baer na sosiete Magnavox walileta Odyssey, mashine ya kwanza ya michezo ya kuuzishwa kwa ajili ya televizio ya nyumbani. Mwaka ule ule Atari ikaleta Pong. Kwenye michezo hii ulizungusha kifundo, na Waingereza wakaita kile kifundo «paddle», yaani kibao cha kupigia mupira. Kwa hiyo lile neno ni la zamani. Ila kile kinachoitwa «paddle» leo, ambacho sisi tunaita palete kama Wafaransa, ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 1977 Atari ilitoa mashine yake iliyojulikana baadaye kama 2600. Joystiki yake ilikuwa na kijiti kimoja na kitufe kimoja chekundu. Mukono mumoja ulishika kisanduku, na kidole gumba chake kikabonyeza kile kitufe. Mukono wa pili wote ulishika kijiti. Mikono miwili mizima, na kazi ni mbili tu.

2. Siku kidole gumba kilipopewa kazi

Mutu aliyebadilisha neno ni Gunpei Yokoi, injeniere wa Nintendo, kule Japani. Alikuwa anatengeneza michezo midogo ya mfukoni, Game & Watch. Joystiki kwenye kitu cha mfukoni haiwezekani, ingevunjika. Mwaka 1982, kwenye Donkey Kong ya Game & Watch, aliweka musalaba mudogo bapa: unabonyeza juu, chini, kushoto, kulia, kwa kidole gumba kimoja. Mwaka 1983 ule musalaba ukaingia kwenye maneti ya Famicom. Tangu siku ile mikono yote miwili inashika maneti kwa pande mbili, na vidole gumba viwili njo vinafanya kazi.

Nintendo ilichukua breve ya uvumbuzi kwa ule musalaba. Breve ni karatasi ya serikali inayosema: hii kitu ni yangu kwa miaka fulani, mwingine asiitengeneze bila ruhusa. Basi sosiete zingine zikatafuta njia ya pembeni. Angalieni maneti ya PlayStation: haina musalaba muzima. Iko na vitufe vinne vinavyoonekana kuachana. Umbo la kitu unachoshika kila siku halikuamuliwa na mafundi peke yao. Sheria nayo ilishika kalamu.

Mwaka 1990 Nintendo ikaleta Super Famicom. Sasa mbele kuko vitufe vinne upande wa kulia, na juu kwenye mabega ya maneti vitufe viwili, L na R. Vidole vya shahada, vilivyokuwa vimekaa bure, vikapata kazi. Mwaka 1994 PlayStation ya Sony ikaweka vinne kwenye mabega: L1, L2, R1, R2. Hakuna aliyeombwa kulipa maneti mara tatu ili apate vitufe vya mabega. Vilikuwa ndani ya karto, pamoja na mashine.

3. Kidole kimoja, kazi mbili

Mwaka 1996 Nintendo 64 ilikuja na kijiti kidogo cha kidole gumba, kinachojua kama umesukuma kidogo ao sana. Na chini yake, kwa mugongo, kulikuwa na kitufe kinaitwa Z, cha kidole cha shahada. Yaani kitufe cha nyuma si maajabu ya juzi. Yule anayesema palete ni uvumbuzi mupya kabisa, mumukumbushe Z ya 1996.

Mwaka 1997 Nintendo iliuzisha Rumble Pak, kifaa cha kuchomeka kwenye maneti ili itetemeke. Kabla ule mwaka haujaisha Sony ikatoa DualShock, yenye vijiti viwili na mutetemo ndani yake. Mwaka 2002 Nintendo ikauzisha WaveBird, maneti isiyo na waya, kando na mashine. Mwaka 2005 na 2006, Xbox 360 na PlayStation 3 zilipotoka, maneti bila waya ilikuwa imeanza kuwa kitu cha kawaida.

Munaona mwendo? Kitu kinaanza kama cha kuongeza, unalipa pembeni. Kikionekana kina faida ya kweli, baada ya miaka michache kinaingia kwenye maneti ya kila mutu.

Lakini vijiti viwili vilileta shida mupya. Tangu miaka ya 2000, na zaidi sana baada ya Halo ya 2001 kwenye Xbox, michezo ya kupiga risasi ilizoea mupango huu: kijiti cha kushoto unatembea, kijiti cha kulia unaangalia na kulenga. Sasa muhesabu kazi za kidole gumba cha kulia. Kazi ya kwanza: kushika kijiti na kulenga. Kazi ya pili: vitufe vinne vya mbele, yaani kuruka, kuinama, kujaza risasi, kubadilisha silaha. Ukitaka kuruka, lazima uache kijiti. Ukiacha kijiti, hauwezi kulenga. Nusu sekunde tu, lakini katika ile nusu sekunde adui wako analenga wewe.

Wachezaji wakajitafutia dawa. Wengine walikunja kidole cha shahada juu ya vitufe vya mbele, mukono ukawa sawa makucha ya kaa. Waliocheza Monster Hunter kwenye PSP walijulikana kwa mushiko huo, kwa mukono wa kushoto. Ulisaidia, lakini uliumiza mikono. Tumerudi palepale pa 1962: viwiko vilivyouma kwenye MIT, na vidole vinavyouma kwenye PSP. Na wakati ule wote, vidole vitatu vya mwisho vya kila mukono vilikuwa vimelala kwa mugongo wa maneti, vinashika tu.

4. Palete zinaingia

Waliokamata ile nafasi ni Simon Burgess na Duncan Ironmonger. Mwaka 2011 Ironmonger alianzisha Scuf Gaming, na kazi yake ilikuwa kuchukua maneti za kawaida na kuzigeuza kwa wachezaji wa mashindano. Kwa mugongo waliweka ndimi ndefu zinazopindika kidogo ukizivuta kwa kidole cha kati, kisha zinarudi.

Hapa nataka kila mutu aelewe vizuri, juu wauzaji wengi hawasemi: palete haileti nguvu mupya. Haikupatii kitufe ambacho adui yako hana. Inafanya kopi ya kitufe kilichoko mbele. Unachagua: palete ya kulia iwe X, ya kushoto iwe mviringo. Sasa unaruka kwa kidole cha kati, na kidole gumba kinabaki kwenye kijiti. Ni hiyo tu. Mudogo wangu alisema kweli: zinafanya usiondoe kidole.

Na kazi hiyo wanaifanya vizuri. Sitaki kudanganya hapa. Kwa mutu anayecheza Call of Duty saa nyingi kwa siku, faida iko, na ni ya kweli. Tena kuko watu ambao kwao palete si anasa: mutu mwenye ugonjwa wa viungo, ao aliyepoteza kidole. Kwake, kuhamisha kitufe kwenda kwenye kidole kinachofanya kazi ni kama mulango wa kuingia nyumbani. Microsoft yenyewe ilitambua hitaji la namna hiyo mwaka 2018, ilipotoa maneti ya pekee kwa watu wenye ulemavu, Xbox Adaptive Controller, kwa dola 100.

Mwaka 2015 Microsoft ilitoa Xbox Elite, yenye palete nne, kwa dola 150. Ilikuwa imepata ruhusa ya breve za watu wa Scuf. Mwaka 2019 ikaja Elite Series 2, dola 180. Sony ilingoja. Mwezi wa kwanza 2020 ilitoa kifaa cha kuchomeka nyuma ya maneti ya PS4, vitufe viwili, kwa dola 30. Kisha mwezi wa kwanza 2023 ikatoa DualSense Edge kwa ajili ya PS5: dola 200 Marekani. Maneti ya kawaida ya PS5 ilianza kuuzishwa dola 70. Yaani kwa bei ya Edge moja unakaribia kupata tatu za kawaida.

5. Kwa nini safari hii haikwenda sawa zile zingine?

Hapa njo nilisimama. Musalaba uliingia kwa kila mutu. Vitufe vya mabega viliingia. Vijiti, mutetemo, kutoa waya, vyote viliingia. Palete zilianza 2011, na paka leo ukifungua karto ya PS5 ao ya Xbox, maneti iliyoko ndani haina palete. Ni kwa sababu ni ghali kutengeneza?

Hapana. Vitufe viwili vya nyuma, Sony yenyewe iliviuzisha dola 30, na juu yake kulikuwa kioo kidogo cha kuonyesha umechagua kitufe gani. Sosiete ya China, 8BitDo, mwaka 2021 ilitoa maneti nzima, Pro 2, yenye vitufe viwili vya nyuma, kwa dola 50.

Na mbele yao, mwezi wa 11 mwaka 2015, Valve ya Marekani ilitoa Steam Controller kwa dola 50. Kila mutu aliyeinunua alipata vitufe viwili vya nyuma, bila kulipa zaidi. Ule ungekuwa mwanzo wa palete kuingia kwa watu wote. Lakini sosiete inayoshika breve za Burgess na Ironmonger, Ironburg Inventions, iliipeleka Valve kwenye tribinali. Mwezi wa 11 mwaka 2019 Valve iliacha kutengeneza ile maneti, na za mwisho ikazitoa kwa dola 5. Mwezi wa pili 2021, kule Seattle, juri ilisema Valve ilivunja breve, na ilipe zaidi ya dola milioni 4.

Sitaki kusema Valve iliacha maneti yake juu ya kesi peke yake. Ile maneti ilikuwa ngeni, haikuwa na kijiti cha pili, na wengi hawakuizoea. Na mwenye kuvumbua ana haki ya kulipwa kwa jasho lake. Lakini somo kwa sosiete zingine lilikuwa wazi: ukiweka ndimi kama zile nyuma ya maneti, kwanza uzungumuze na wenye breve.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 2002 sosiete Immersion iliishitaki Sony na Microsoft juu ya mutetemo. Microsoft ilimaliza neno mwaka 2003 kwa kulipa. Sony ilipigana, ikashindwa mbele ya juri mwaka 2004. Mwaka 2006 PlayStation 3 ilitoka na maneti isiyotetemeka! Sony ilisema mutetemo unasumbua vipimo vya mwendo vilivyoko ndani. Mwaka 2007 walipatana na Immersion, na kabla ya mwaka kwisha DualShock 3 ikatoka Japani, inatetemeka tena. Kila mutu ajifikirie mwenyewe.

Kwa hiyo bei ya dola 180 ao 200 si bei ya palete. Ndani yake kuko breve, kuko sanduku zuri, kuko vijiti vya kubadilisha, kuko vizuizi vya kufupisha mwendo wa L2 na R2, na kuko jambo la soko tu: sosiete zimeona kwamba kuko watu watakaolipa. Palete imekuwa mupaka kati ya maneti ya maskini na maneti ya tajiri. Kidole hakikuchora ule mupaka.

6. Basi, inunuliwe?

Kwetu agronomia tunafundishwa sheria ya Liebig, ile ya pipa lenye mbao zisizolingana. Maji hayapandi kupita ubao mufupi kuliko zote. Shamba likikosa fosforo, hata umwage azoti gunia kumi, mavuno hayataongezeka. Kwanza utafute kinachopunguka. Nikamuuliza mudogo: kwenye muchezo wako, ubao mufupi ni upi?

Ubao wa kwanza: muchezo wenyewe. Yeye na wenzake wanacheza mupira karibu siku zote. Kwenye mupira, kidole gumba cha kulia kinakaa muda mwingi kwenye vitufe vya mbele: pasi, shuti, krosi. Kijiti cha kulia unakigusa kwa chenga. Ile vita kati ya kijiti na vitufe haiko. Palete hapo ni kama kununua pompe ya kumwagilia wakati wa mvua.

Ubao wa pili: mashine. Hapa nilicheka, kisha nikahuzunika. Maneti aliyoonyeshwa ni ya PS5. Nyumbani tuko na PS4 ya okazyo. DualSense, ya kawaida ao Edge, haijatengenezwa kwa PS4. Dola 180 zingetoka, na maneti ingebaki pambo mezani. Muuzaji hakumwambia. Labda hakujua, labda alijua.

Ubao wa tatu: vijiti. Maneti nyingi zinakufa kwa vijiti: muchezaji wako anaanza kutembea peke yake bila wewe kugusa. Ndani ya vijiti vya kawaida kuko kipande kinachosuguana na njia ya kaboni, na kila musuguano unakula. Edge iliyotoka kwa dola 200 na Elite iliyotoka kwa dola 180 zinatumia vijiti vya namna ileile. Tofauti ya Edge ni kwamba unaweza kutoa kijiti kizima na kuweka kingine, dola 20 kila kimoja. Kule kwao ni rahisi. Kwetu utakipata wapi? Na kwa Elite Series 2, malalamiko yalikuwa mengi mpaka Microsoft mwaka 2020 ikaongeza garanti kutoka siku 90 mpaka mwaka mumoja. Jambo la kushangaza ni kwamba dawa ni ya zamani: vijiti vya sumaku, visivyosuguana, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Sega ilivitumia kwenye Dreamcast mwaka 1998. Leo maneti za bei ndogo kutoka China zimevirudisha, wakati Edge na Elite hazinavyo.

Ubao wa ine: umeme. Batiri ya DualSense ya kawaida ni mAh 1,560. Ya Edge ni mAh 1,050, juu nafasi imeliwa na vitu vingine. Unalipa karibu mara tatu, unapata theluthi mbili ya batiri. Kwa mutu wa Tokyo si kitu. Kwa sisi, umeme unaokuja saa ine za usiku na kuondoka alfajiri, hilo ni jambo kubwa.

Ubao wa tano, na huu ni bure: televizio. Televizio nyingi za leo zinachelewesha picha kidogo juu zinaipamba kwanza. Ndani ya mipangilio kuko hali ya muchezo inayopunguza ule ucheleweshaji. Tuliiwasha pamoja jioni ile. Mudogo akashika maneti yake ya zamani, akacheza dakika kumi, akaniangalia: "Yaya, imekuwa nyepesi!" Dola sifuri.

7. Jibu langu

Kama unacheza michezo ya kupiga risasi kila siku, mashine yako inakubali, na feza haitoki kwenye chakula ao masomo: palete zina faida. Lakini tafuta maneti ya dola 30 mpaka 60 yenye vitufe vya nyuma na vijiti vya sumaku. Kazi ya kidole ni ileile. Uulize kwanza kama inafanya kazi kwenye mashine yako, na uione ikiwaka kwa macho yako kabla ya kulipa. Ujue pia kwamba siku za kwanza utakuwa unazibonyeza bila kutaka. Mukono unahitaji kujifunza upya.

Kama mikono yako ina shida ya kiafya, palete si anasa, tafuta zinazokufaa bila haya.

Kama unacheza mupira, nunua maneti ya kawaida ya asili, iliyo mupya, na ujizoeze.

Na kama hauna haraka, historia iko upande wako. Mwaka 2022 Valve, ileile iliyoshindwa kwenye tribinali, ilitoa Steam Deck yenye vitufe vine vya nyuma kwa kila munuzi. Mwaka 2025 Nintendo iliweka vitufe viwili vya nyuma, GL na GR, kwenye maneti ya Pro ya Switch 2, kwa bei isiyofika dola 90. Ukuta unashuka. Musalaba, mabega, mutetemo, vyote vilifika kwa kila mutu. Na palete zitafika.

Mudogo wangu alisikiliza yote. Hakufurahi mara moja. Alikaa kimya, akazungusha simu mukononi, halafu akasema: "Sasa wenzangu wakiipata mbele yangu?"

Nikamujibu: "Wakiipata, utawaomba wakuonyeshe. Na wakikupiga kwenye mupira, haitakuwa juu ya palete."

Kesho yake alinunua maneti moja ya kawaida ya PS4, juu ile ya zamani kijiti chake kilikuwa kimeanza kutembea peke yake. Feza iliyobaki tuliipeleka pamoja kwenye banki, akalipa sehemu ya kwanza ya minervali. Risiti aliiweka kwenye kava ya simu yake, pale alipokuwa ameweka namba ya yule muuzaji.

Basi, ndugu zangu, kama kwenu kuko mutoto anayelilia maneti ya dola 180, musimufukuze. Mukae naye. Mumuulize kidole gani kinakosa nafasi. Akijua kujibu, mutazungumuza vizuri. Asipojua, maneti haitamujibia.